Kipa wa Tarime atazame Sirari kabla ya Kariakoo

Mwambie shabiki yeyote wa soka hapa nchini akutajie Watanzania waliocheza mpira wa kulipwa nje. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Mbwana Samatta, Simon Msuva, Thomas Ulimwengu, Novatus Miroshi. Akikolea atarudi nyuma hadi kwa Sunday Manara, aliyekwenda Uholanzi miaka ya sabini.

Sasa mwambie akutajie kipa. Hapo anakuna kichwa.

Akifikiri sana atamtaja Ivo Mapunda. Na ana haki. Ivo alidaka Saint George ya Ethiopia, akadaka Kenya, na mwaka 2013 alikuwa kwenye kikosi cha Gor Mahia kilichotwaa ubingwa wa Kenya baada ya kuusubiri kwa miaka 18. Watu wa Tarime na Rorya wanaikumbuka siku ile. Jezi ya kijani ya K'Ogalo haijawahi kuwa kitu cha ajabu upande wetu huu wa Mara. Kuna nyumba ambazo baba ni Simba, mama ni Yanga, na wote wawili wanakutana kwa Gor.

Baada ya Ivo orodha inakuwa fupi na ya harakaharaka. Deogratius Munishi 'Dida' alitoka Yanga mwaka 2017 akaenda Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, mwaka uliofuata akawa amerudi, amesaini Simba. David Kissu alikwenda Gor Mahia mwaka 2019, akapata ubingwa, 2020 akawa Azam. Peter Manyika Junior alipita KCB ya Nairobi. Karibu wote walikwenda wakarudi kama watu waliotumwa dukani.

Kwa nini washambuliaji wetu wanakwenda na kukaa, makipa wetu hawaendi, au wakienda hawakai? Jibu la haraka la vijiweni ni kwamba hatuna makipa. Mimi silikubali.

Chukua mfano wa Ally Salim. Aprili 2023 Aishi Manula aliumia, Simba wakabaki na kijana ambaye mashabiki wengi walikuwa hawajawahi kumwona akicheza dakika tisini. Akawekwa golini kwenye dabi ya Kariakoo. Simba wakashinda 2-0. Akawekwa golini dhidi ya Wydad Casablanca, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, nyumbani na ugenini. Wakafika hadi mikwaju ya penalti Casablanca na kutolewa 4-3. Agosti mwaka huohuo, pale Mkwakwani Tanga, Ngao ya Jamii ikaenda kwenye penalti dhidi ya Yanga. Ally Salim akapangua tatu. Simba wakabeba Ngao.

Kipa wa nchi nyingine angekuwa amejenga jina. Yeye kilichomkuta ni usajili. Klabu ilikuwa imeshamleta Mbrazil, Jefferson Luis, akaumia na kuondoka mapema. Akaja Ayoub Lakred kutoka Morocco. Mwaka uliofuata akaja Moussa Camara kutoka Guinea. Shujaa wa Mkwakwani akarudi kukaa kwenye benchi, amevaa bibu, anapiga makofi wenzake wakifunga.

Siwalaumu Simba. Klabu inayotaka kucheza nusu fainali Afrika haiwezi kulea kipa kwa huruma. Siwalaumu Yanga pia. Tangu Djigui Diarra atue Jangwani mwaka 2021 akitokea Stade Malien, Yanga wamechukua ubingwa mfululizo na kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Diarra ni kipa wa timu ya taifa ya Mali. Anacheza na miguu kama kiungo. Nani mwenye akili atamwondoa golini ili kumpa nafasi kijana wa nyumbani? Azam nao wamepita njia hiyohiyo. Walikuwa na Ali Ahamada, Mcomoro aliyewahi kudaka Toulouse ya Ufaransa, halafu Abdulai Iddrisu wa Ghana, halafu Mohamed Mustafa wa Sudan.

Na tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa Dar es Salaam peke yake. Biashara United ya kwetu Mara ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2018, golini ilikuwa na Nourdine Balora kutoka Burkina Faso. Mwanamume ametoka Ouagadougou huko amekuja kudaka Musoma, kijana wa Mugumu anamtazama kutoka jukwaani Uwanja wa Karume.

Wapo wanaosema dawa ni kufunga mlango. Wanatolea mfano Misri, ambako ligi hairuhusu makipa wa kigeni. Ni kweli, na Misri haijawahi kulia njaa ya makipa. Lakini Misri ina klabu nyingi zenye pesa, zenye makocha wa makipa, zenye timu za vijana. Sisi tukifunga mlango leo tutapata makipa wazawa golini, halafu Februari tutawaona wakiokota mipira nyavuni kule Tunis na Algiers. Diarra na Camara wametuonyesha kipa wa kiwango cha Afrika anafananaje. Hilo ni somo, na tumelipata kwenye uwanja wetu wenyewe.

Dawa naiona upande mwingine. Kipa wa Kitanzania aondoke. Aondoke mapema, akiwa na miaka 19 au 20, kabla hajageuzwa kipa namba tatu wa klabu kubwa.

Nafasi ya kipa si kama nafasi nyingine. Winga wa akiba ataingia dakika ya 70, atakimbia, atapiga krosi mbili, Jumatatu kocha atamkumbuka. Beki wa kulia akiumia, beki wa kati anasogea, mwingine anapata namba. Kipa haingii dakika ya 70. Ni kama dereva wa basi. Abiria sitini wanaweza kubadilishana viti njia nzima, lakini usukani ni mmoja na dereva haachii mpaka augue. Kipa namba mbili wa Simba au Yanga anaweza kumaliza msimu mzima ana mechi nne, mbili kati ya hizo za Kombe la Shirikisho la nyumbani dhidi ya timu ya daraja la kwanza. Analipwa vizuri, sikatai. Ana gari. Lakini mikono inazeeka bila kazi.

Sasa mtazame Denis Onyango wa Uganda. Huyu ndiye kipimo cha ukanda wetu, na safari yake ningependa ibandikwe ukutani kwenye kila chumba cha kubadilishia nguo.

Onyango alizaliwa mwaka 1985. Alidaka SC Villa ya Kampala akiwa kijana mdogo. Hakusubiri awe mfalme wa Kampala. Akaenda Saint George, Addis Ababa. Kutoka huko, mwaka 2006, akatua SuperSport United ya Afrika Kusini akiwa na miaka 21. Baadaye akahamia Mpumalanga Black Aces, klabu ndogo ambayo shabiki wa Kariakoo asingeipa hata dakika ya kuisoma. Mwaka 2011 akasajiliwa na Mamelodi Sundowns. Huko akakaa benchi. Akapelekwa kwa mkopo Bidvest Wits. Akarudi. Akasubiri tena.

Mwaka 2016 Sundowns wakachukua Ligi ya Mabingwa Afrika mbele ya Zamalek, Onyango yuko golini, ana miaka 31. Mwaka huohuo Uganda wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Januari 2017 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Na tuzo hiyo mwaka mmoja kabla ilikuwa imechukuliwa na nani? Na Mbwana Samatta wetu. Miaka miwili mfululizo tuzo ilikaa Afrika Mashariki, kwanza kwa straika wa Mbagala, kisha kwa kipa wa Kampala. Sisi tukasherehekea straika na kuzalisha mastraika wengine. Somo la kipa tukalipita.

Utaniambia: mbona Onyango naye alikaa benchi? Alikaa, tena sana. Lakini hakuota mizizi hapo. Kila alipoona mambo yamesimama alisogea, hata kama kusogea kulikuwa kwenda timu ndogo. Na benchi lake lilikuwa ndani ya nchi ambayo alishaizoea, ana mechi mwilini, watu wanamjua. Hiyo ni tofauti na kukaa benchi Msimbazi ukiwa na miaka 22 bila mtu yeyote nje ya mipaka kujua unadaka kwa mkono gani.

Mwingine ni Ali Al-Habsi wa Oman. Kabla ya kuwa kipa wa Ligi Kuu ya Uingereza alikuwa zimamoto uwanja wa ndege wa Muscat. Mwingereza John Burridge, kipa wa zamani aliyekuwa akifundisha makipa wa timu ya taifa ya Oman, akamwona na kuanza kumtafutia njia. Njia haikuanzia England. Ilianzia Norway, klabu ya Lyn, mwaka 2003. Mwaka uliofuata akawa kipa bora wa ligi ya Norway. Mwaka 2006 akaenda Bolton, akakaa nyuma ya Jussi Jääskeläinen misimu minne kwa mechi chache za ligi. Halafu Wigan, ambako msimu wake wa kwanza alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa klabu. Kijana wa Muscat kwenye baridi ya Oslo! Nani angesema hiyo ndiyo njia ya mkato?

Burridge ndiye ninayemwona wa maana zaidi katika hadithi hiyo. Kipa haendi nje kwa video ya mabao. Straika ana mabao 20, ukizituma namba hizo kwa barua pepe mtu anaelewa. Kipa anahitaji mtu anayejua kazi ya kipa, asimame nyuma ya goli wiki mbili, kisha apige simu kwa mtu anayemwamini.

Angalia tena jina moja kwenye safari hizi: Saint George. Onyango alipita hapo. Ivo wetu alipita hapo. Mganda mwingine, Robert Odongkara, alidaka hapo kwa miaka. Mkenya Patrick Matasi, yuleyule aliyesimama golini siku Harambee Stars walipotufunga 3-2 kwenye AFCON ya 2019 Cairo, alikuwa mchezaji wa Saint George. Kwa hiyo kumbe Addis Ababa pana mlango wa makipa wa ukanda huu, na Waganda na Wakenya wameugonga zaidi kuliko sisi.

Na mlango wa karibu kuliko wote uko Sirari.

Hapa nazungumza na watu wa kwetu. Kutoka Tarime mjini hadi Sirari ni mwendo wa Hiace tu. Ukivuka uko Isebania, na ukiendelea kidogo uko Migori. Nairobi kutoka Tarime haifiki hata nusu ya safari ya kwenda Dar es Salaam. Wakurya wako pande zote mbili za mpaka, Wajaluo hivyohivyo. Lugha si tatizo, na kwa kipa lugha ni nusu ya kazi. Kipa anapanga ukuta, anamwita beki, anamtukana kidogo ikibidi. Ivo aliyafanya yote hayo Nairobi kwa Kiswahili chake cha nyumbani.

Biashara ya mpira inavuka hapo kila siku, ila kwa upande mmoja zaidi. Mwaka 2019, dirisha lilelile ambalo Kissu alikwenda Gor Mahia, Yanga walimleta Farouk Shikalo kutoka Bandari ya Mombasa. Tulibadilishana makipa kama majirani wanavyobadilishana chumvi na sukari. Tangu hapo sisi tumeendelea kupokea, kutoa tumesahau.

Kuna kifungu ambacho sidhani kama kinasomwa sana kwenye ofisi za mpira za wilaya. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Hiyo watu wengi wanaijua. Lakini kanuni hiyohiyo ya uhamisho, kifungu cha 19, ina misamaha yake, na mmoja ni kama umeandikwa na mtu aliyesimama Sirari. Mchezaji anayeishi ndani ya kilometa 50 kutoka mpaka anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo nayo ndani ya kilometa 50 kutoka mpaka huo. Kati ya nyumbani kwake na klabu pasizidi kilometa 100. Aendelee kulala kwao. Na mashirikisho ya nchi zote mbili yatoe ridhaa.

Pima mwenyewe. Tarime na Migori zinaingia kwenye hesabu hiyo na kubaki na nafasi. Kwa kijana wa Mugumu, Serengeti, hesabu inabana zaidi, lakini akifika 18 kifungu hakimhusu tena. Maana yake kijana wa miaka 16 anayedaka Tarime anaweza kusajiliwa kihalali Migori, mji wenye klabu kama Migori Youth iliyocheza ligi ya daraja la pili ya Kenya, akacheza Jumamosi, jioni akarudi kula ugali kwa mama yake. Hakuna kijana wa Morogoro, Mbeya wala Temeke mwenye bahati hiyo.

Najua jibu. "Kenya hakuna hela." Ni kweli, na tulisema bila kuzunguka. Ligi yetu leo inalipa kuliko yao. Msimu ambao Kissu alikuwa Gor, mdhamini wao SportPesa alikuwa amejiondoa na mishahara ikawa kizungumkuti. Kijana anayekwenda kule asiende kutafuta kiwanja cha kujenga. Anakwenda kutafuta mechi. Mechi 30 za watu wazima ukiwa na miaka 20, kwenye ligi ambayo kocha anaweza kukubeba akihama. Ivo hilo lilimtokea. Zdravko Logarušić alimfundisha Gor, na alipopewa Simba Desemba 2013, Ivo akatua Msimbazi pamoja na beki Donald Musoti. Wiki hizohizo Simba wakaichapa Yanga 3-1 kwenye Nani Mtani Jembe, na golini upande wa pili alikuwa Juma Kaseja. Ivo alirudi nyumbani akiwa bingwa wa nchi nyingine, akaheshimiwa. Angebaki akisubiri nyuma ya mtu, asingerudi na kitu.

Kazi kubwa zaidi iko huku kwetu, na hapa sitawapaka watu mafuta. Watani wanapenda kusema vijana wa Tarime hawaogopi kitu, na kipa ni mtu asiyeogopa, kwa hiyo Tarime ilipaswa kujaa makipa. Utani mzuri. Lakini nenda kwenye mechi za mchangani, Tarime au Mugumu, uone nani anawekwa golini. Anawekwa yule aliyechelewa kufika, au aliyeshindwa kucheza ndani, au mdogo wa mwenye mpira. Akidaka vizuri wiki tatu anaombwa aje mbele acheze straika. Kwenye UMISSETA unamwona mrefu, ana mikono, anaruka, lakini anadaka krosi kwa kurudi nyuma, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kufundishwa na mtu aliyewahi kuwa kipa. Glovu zenyewe ni za kuazima, zimekaza kama soksi zilizooshwa kwa maji ya moto. Akimaliza kidato cha nne, boda boda inamsubiri, au mashimo ya dhahabu ya Nyamongo.

Sihitaji akademi ya mabilioni hapo. Nahitaji mtu mmoja kwenye kila wilaya, kipa mstaafu, alipwe, awe na mipira 20 na goli lenye nyavu, afundishe vijana 15 mara nne kwa wiki. Halmashauri ya Tarime inapata fedha za wajibu kwa jamii kutoka mgodi wa North Mara. Zimejenga madarasa na zahanati, na ni sawa kabisa zianze huko. Mshahara wa kocha wa makipa kwenye bajeti hiyo hautaonekana hata kwa miwani.

Manula ameshadaka AFCON mbili na kucheza robo fainali za Afrika, na mwaka 2025 amerudi Azam alikoanzia, bila hata msimu mmoja nje ya nchi. Yakoub Suleiman alidaka CHAN ya Agosti 2025 akiwa JKT Tanzania, tukafika robo fainali na kufungwa 1-0 na Morocco. Macho ya bara zima yalikuwa Uwanja wa Mkapa. Baada ya mashindano akasaini Simba, kwa Camara. Inawezekana ikamlipa, na ninamtakia heri. Ningependa tu siku moja nisikie kwamba kipa wetu kapata ofa ya Simba na ofa ya Saint George siku moja, na akauliza kwanza ni wapi atacheza.

Kwa kijana wa Tarime mwenye miaka 16, ofa zote mbili bado hazipo. Kilichopo ni kifungu cha 19 na barua ya ridhaa kutoka TFF na FKF. Barua hiyo inaanzia chama cha soka cha wilaya, inapanda mkoani, inakwenda Dar es Salaam. Msimu ujao wa Kenya ukianza, ningependa kujua chama cha Tarime kimeandika ngapi.